Mnavyodanganywa kuhusu Landrova za zamani za jeshi

Nina Landrova Lightweight nyuma ya nyumba huku Uingereza, Series 3 yaani toleo la tatu, ilikuwa ya jeshi la Waingereza, na huu mwaka wa nne naitengeneza mwenyewe kwenye kibanda ambacho mvua ikija na upepo inanikuta hukohuko ndani. Watu wameniambia mengi kuhusu hii gari, mengine hata mi niliyaamini kabla sijanunua na yamenitoa hela, so ngoja niyaseme.

"Landrova haiozi, bodi yake aluminiamu."

Hii ndo baba lao. Sisi tuliokulia Tanga tukizipanda zile Landrova ndefu, 109, za mashamba ya mkonge tumeisikia toka wadogo. Na nusu yake ni kweli, bodi ni aloi ya aluminiamu inaitwa Birmabright, walianza nayo 1948 kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao Uingereza. Sasa hiyo bodi imekalia nini? Chesisi ni chuma, ule ukuta kati ya injini na miguu ya dereva ni chuma, fremu za milango chuma. Na chesisi yenyewe ni kama boksi, maji na matope yanaingia ndani hayatoki, inaozea ndani kuja nje, unaiona nyeusi inang'aa kumbe mle ndani ni unga mtupu. Ongeza na chumvi wanayomwaga barabarani huku kipindi cha baridi. Yangu ilikuwa imepakwa lami chini nzito kabisa, nikajisemea huyu muuzaji kaitunza, nilipokuja kuichokonoa nyumbani bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Nilikaa chini kwanza.

Afu hata hiyo aluminiamu haijapona, pale inapogusana na chuma na unyevu ukakaa katikati, inayoliwa ni aluminiamu, inatoa unga mweupe na kuvimba kama andazi. Kwa hiyo ukienda kukagua achana na bodi, lala chini na nyundo ndogo, gonga chesisi yote, hasa nyuma pale springi zinaposhikwa na juu ya tangi kama mkono unafika. Iliyo nzima inalia, iliyooza inajibu kama umegonga kopo lenye matope. Zipo chesisi mpya za galvanaizi, na ikiwa ni ya aina ileile ya mwanzo huku haikupotezei namba ya usajili, ila risiti usitupe.

"Ilikuwa ya jeshi, wanatunza sana, utakuta iko poa."

Service walikuwa wanafanya kwa ratiba, sibishi. Lakini jiulize kwa nini waliiuza. Jeshi linaweza kuachana na gari kwa sababu kuitengeneza imekuwa ghali kuliko thamani yake, sa wewe unadhani unapewa ile bora? Na rangi wanapaka kwa brashi, juu ya rangi ya zamani, juu ya uchafu, juu ya nati, hadi juu ya vibao vya maandishi. Kwenye mlango wangu nimehesabu tabaka saba. Na hapo tuwe makini jamani, rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, usipige msasa mkavu kibandani huku watoto wanapitapita, tumia msasa wa maji na vaa barakoa ya maana. Viatu vya breki na klachi za enzi zile vilikuwa na asbesto, kwa hiyo ile tabia yetu ya gereji ya kupuliza vumbi la breki kwa kompresa, acha. Lowanisha, futa na kitambaa, basi.

"Inaitwa Lightweight, si ni nyepesi?"

Hahaha. Ilitakiwa ibebwe ikining'inia chini ya helikopta ya Wessex, na kikomo kilikuwa paundi 2,500, kama kilo 1,130 hivi. Hata baada ya kuivua milango, kioo cha mbele, turubai na kila kinachofunguka, bado ilikuwa kama kilo 1,200, wakaikubali hivyohivyo. Ukiirudishia vitu vyake vyote ni nzito kuliko 88, ile Landrova fupi ya kawaida ya raia. Mgongo wangu shahidi.

"Volti 24 ng'oa tu, weka 12."

Si zote za jeshi ni 24 kwanza. Zenye 24 ni zile zilizotengenezwa kubebea redio za mawasiliano, zina betri mbili zimeunganishwa mfululizo na jenereta kubwa ya ampia 90, na mfumo wa plagi umefunikwa wote kwa chuma ili cheche zisiingilie redio. Watu wanaogopa eti itakupiga shoti, volti 24 haikupigi hivyo, ila ukiacha spana idondokee kwenye betri itageuka kama fimbo ya kuchomelea. Kubadilisha inawezekana, lakini ni kubadilisha jenereta, stata, koili, balbu zote, gauji na mota ya waipa, siyo kutoa betri moja ukaenda zako. Mi nimeiacha na 24 yake. Imetulia tu. Kitu cha kukumbuka ni usichomeke chaja ya simu ya volti 12, nimeua moja.

"Fungua kila kitu kwanza ndo uanze."

Hapa ndo miradi inakufa. Huku ukitafuta gari za namna hii utakutana na matangazo mengi "mradi haujakamilika, vipo kwenye maboksi", na kila moja lilianza na mtu mwenye hamu na wikendi moja ndefu. Kufungua ni siku mbili, kurudisha ni miaka, na miezi sita baadaye hukumbuki ile bolti ndefu ilitoka wapi. Mi nafanya kipande kimoja, breki zikaisha ndo nikaingia usukani, picha kabla ya kufungua, nati kwenye mfuko wenye maandishi. Na nunua spana za inchi! 13 ya milimita inaingia kwenye nati ya nusu inchi, inaingia vizuri tu, afu ikikaza inateleza na kuila kichwa, maana nusu inchi ni 12.7. Hiyo 0.3 imenichubua vidole sana.

"Imezidi miaka 40, haihitaji ukaguzi."

Huku ni kweli, imesamehewa MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, na hata kodi ya barabara, mradi haijabadilishwa sana. Ila sheria haijasema uendeshe jeneza. Wakikukamata na gari hatari faini inafika paundi 2,500, MOT au hakuna MOT. Ya kwangu nitaipeleka ikaguliwe kwa hiari, macho yangu siyaamini, yanaipenda hii gari mno.

La mwisho, mjomba kila nikipiga simu ananiambia nikimaliza niipake mabaka ya kijeshi niishushe bandari ya Tanga, mtaa mzima utoke. Wengi wanadhani gari ikishauzwa ni ya raia na rangi ni hiari yako. Mjomba, JWTZ walishapiga marufuku raia kuvaa hata nguo zinazofanana na sare zao, sa wewe unataka nije na gari zima? Huko nyumbani Tanzania, kabla ya kupaka chochote unakwenda kuuliza kwanza. Akanyamaza kidogo, akasema basi paka nyeupe.

Nyeupe! Nimemwambia nitafikiria.