Kutoka Dodoma Hadi Unguja na Kamera: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Picha za Mandhari ya Kisiwani

Dodoma na Mji wa Zanzibar ziko karibu kwenye mstari uleule wa latitudo, nyuzi 6 na ushei kusini mwa ikweta. Jua linalopita juu ya mibuyu ya Dodoma ndilo linalopita juu ya minazi ya Unguja, isipokuwa Unguja hulipata mapema kwa takriban dakika 14. Tofauti kubwa iko hewani na majini. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na miezi mingi hewa yake ni kavu na ina vumbi. Unguja iko chini, hewa yake nzito kwa unyevu na chumvi, na bahari yake hujaa na kupwa mara mbili kila siku.

Tangu treni ya SGR ianze safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, wakazi wa kanda ya kati wanaokwenda likizo kisiwani wamerahisishiwa njia. Wengi hufika na kamera nzuri, lakini pia na mazoea ya nyumbani ambayo kule hayafanyi kazi.

"Jua la utosi halina picha"

Kwa miamba na mashamba ya zabibu ya Dodoma, kauli hii ina ukweli mwingi. Saa 6 au saa 7 mchana vivuli vinakuwa vifupi, mwamba unapoteza umbo na ardhi inapauka. Mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 9 Oktoba jua hupita wima kabisa utosini, na mti unakalia kivuli chake.

Baharini ni kinyume chake. Ile rangi ya samawati inayoelekea kijani ambayo kila mtu anaitafuta Unguja hutokana na mwanga unaopenya majini, ukagonga mchanga mweupe chini, ukarudi juu. Jua likiwa chini, mwanga mwingi huteleza juu ya maji bila kuingia, na bahari huonekana ya fedha au ya kijivu. Ukitaka rangi hiyo, piga kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Panda juu ya kitu, iwe baraza la ghorofa au ngazi, kwa sababu ukisimama mchangani na kutazama mbali utaona mng'ao wa juu ya maji tu.

Filta ya polaraiza inasaidia sana hapa. Huondoa mng'ao vizuri zaidi unapotazama maji kwa pembe ya nyuzi 35 hadi 40 kutoka usawa wake. Izungushe polepole huku ukitazama skrini, na acha kuizungusha chini ya maji panapoonekana. Inakula mwanga wa karibu stopu moja na nusu hadi mbili (kila stopu ni mwanga kupungua kwa nusu), kwa hiyo angalia spidi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kupokea mwanga, isije ikashuka mno. Asubuhi na jioni, ukiwa na lenzi pana, usiizungushe hadi mwisho: anga litatoka na doa jeusi upande mmoja, na kuliondoa baadaye kwenye programu ni kazi ngumu.

"Ufukwe ni uleule, nenda saa yoyote"

Dhana hii ndiyo inayowapotezea watu wa bara siku nyingi kuliko zote. Pwani ya mashariki ya Unguja, yaani Paje, Bwejuu, Jambiani, ni tambarare na mwamba wa matumbawe uko mbali. Maji yakipwa, unabaki na uwanda wa mchanga, vidimbwi na mashamba ya mwani. Yakijaa, uwanda wote unafunikwa. Kwa hiyo mahali pamoja panakupa mandhari mbili zisizofanana, na saa yako ya mkononi haikuambii utakuta ipi. Mwezi ndio unaokuambia.

Wavuvi wa pwani wana maneno mawili yanayotosha: *bamvua* na *maji mafu*. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na 15 za kalenda ya Kiislamu, na nguvu yake huonekana zaidi siku moja au mbili baadaye. Tofauti kati ya maji kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Maji mafu huja mwezi ukiwa nusu, na tofauti hiyo inapungua sana. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50.

Kwa mpigapicha, hesabu inakuwa hivi. Siku za bamvua Unguja, maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kupwa karibu na saa 4 asubuhi. Hizo ni siku nzuri kwa michirizi ya mchanga, vidimbwi na vigingi vya mwani, lakini zinakunyima ile bahari ya samawati asubuhi yote. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa karibu na saa 4 au saa 5 asubuhi, jua linapopanda, na rangi inakuwa kamili. Ukitaka maji yaliyopwa pamoja na jua linalochomoza, lenga siku mbili au tatu baada ya mwezi kuwa nusu. Thibitisha kwa jedwali la maji la wiki husika, au muulize mvuvi yeyote.

Na kuna suala la usalama. Ukitembea mbali uwandani maji yakiwa yamepwa, weka kengele ya simu ikuamshe nusu saa kabla hayajaanza kurudi. Maji hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako, karibu na ufukwe, kabla hujayaona mbele.

"Machweo unayapata ufukwe wowote"

Paje, Jambiani na Matemwe zinatazama mashariki, kwa hiyo hapo jua huchomoza baharini. Kendwa na Mji Mkongwe zinatazama magharibi, na hapo ndipo jua huzama majini. Hata hivyo aliyelala Paje asikate tamaa jioni. Jua likishazama nyuma ya minazi, tazama mashariki juu ya bahari: kwa dakika chache unatokea mkanda wa waridi, na chini yake mkanda wa buluu iliyokolea, ambao ni kivuli cha dunia yenyewe angani. Ni picha tulivu na nzuri mno, na watu wengi huwa wameshaupa mgongo wakienda kula.

"Mwanga wa dhahabu hudumu saa nzima"

Somo hili linatoka nchi za mbali na ikweta, ambako jua hushuka kwa mshazari. Kwetu hushuka karibu wima. Kutoka kimo cha nyuzi 6 hadi kugusa upeo ni kama dakika 25 tu, na baada ya hapo una kama dakika 20 za mwanga wa buluu kabla giza halijaingia. Kwa hiyo fika mapema angalau dakika 40, chagua mahali, simamisha stendi, nyoosha upeo wa macho, kisha subiri. Anayekuja mbio jua likiwa tayari jekundu hupata picha moja iliyopinda.

Usikunje stendi jua likishatoweka. Mawingu ya juu mara nyingi hushika rangi dakika 10 hadi 15 baadaye.

"Kamera ikishika ukungu imeharibika"

Haijaharibika. Umeitoa chumba chenye kiyoyozi na kuiingiza kwenye hewa ya moto yenye unyevu, nayo hewa imetoa jasho juu ya kioo baridi. Dodoma hewa ni kavu kiasi kwamba jambo hili halitokei mara nyingi, ndiyo maana linawashtua watu. Dawa ni kuiacha kamera ipate joto taratibu ikiwa imefungwa. Iweke ndani ya kontena la chakula lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya silika vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu, kisha itoe nje barazani dakika 30 hadi saa nzima kabla ya kuanza kazi. Usibadilishe lenzi wakati wa ukungu, maana unyevu utaingia hadi kwenye sensa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea picha. Na usifute kioo kwa fulana: ukungu utarudi, ila mikwaruzo ya mchanga itabaki.

Adui wa nyumbani ni vumbi, na wa kisiwani ni chumvi. Vumbi la Dodoma litoe kwa kipulizio cha mpira, kamwe si kwa mdomo, kwa sababu matone ya mate hukauka kwenye kioo. Kabla ya kusafiri piga picha ya anga tupu kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo (namba ya f ikikua, tundu hupungua). Madoa meusi yakionekana, sensa ina vumbi, isafishwe Dodoma na si ufukweni. Chumvi haipulizwi ikatoka. Kila jioni futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Miguu ya stendi isuuze, ivute yote na uiache ikauke ikiwa wazi. Ukiikunja na chumvi ndani, viungo vitakwama.

"Mchanga mweupe unajipiga wenyewe"

Kipimo cha mwanga cha kamera hukisia kwamba kila kilicho mbele yake ni cha kijivu cha wastani. Ukikipa ufukwe mweupe, kitapunguza mwanga, na mchanga wa Kendwa utatoka kama simenti. Ongeza kwa kitufe chenye alama ya +/−, kuanzia +0.7 hadi +1.3, kisha tazama histogramu, yaani grafu ya mwanga wa picha: mlima wake usogee kulia bila kugonga ukuta. Kwenye simu, bonyeza mchanga kwa kidole hadi mwanga ujifunge, halafu sogeza alama ya jua juu kidogo. Usiamini mwonekano wa skrini ukiwa juani. Kila picha itaonekana nyeusi na utaongeza kupita kiasi.

Machweo yanataka kinyume chake. Punguza kama −0.7, la sivyo rangi zitaungua.

"Ukitaka kila kitu kiwe wazi, tumia f/22"

Tundu likiwa dogo mno, mwanga hupinda kwenye kingo zake na picha nzima hulegea. Lenzi nyingi hutoa picha iliyo wazi zaidi kwa f/8 hadi f/11. Kwa lenzi ya kawaida ya milimita 18–55 kwenye kamera yenye sensa ndogo, weka milimita 18, f/8, na ulenge kitu kilicho mita 2 mbele yako: kuanzia mita 1 hadi upeo wa macho vyote vitakuwa wazi.

"Stendi ya miguu mitatu ikisimama, imesimama"

Mchangani haijasimama. Wimbi linaporudi huchota mchanga chini ya miguu, na stendi huzama kidogo kidogo shata ikiwa wazi. Sukuma miguu ndani ya mchanga kwa nguvu, acha mawimbi mawili au matatu yapite, ndipo uanze. Zima kitulizi mtikisiko cha lenzi, na tumia kihesabu cha sekunde 2 badala ya kubonyeza kwa kidole.

Na wimbi halihitaji sekunde 30 kila mara. Robo sekunde hadi sekunde 1 huonyesha nyuzi nyeupe za maji yanayorudi. Ukizidisha unapata ukungu usio na umbo. Filta nyeusi ya stopu 6 hugeuza 1/60 kuwa sekunde 1, na ya stopu 10 hugeuza 1/30 kuwa kama sekunde 34. Msimu wa kusi, upepo wa pwani ya mashariki hutikisa hata stendi nzito. Ishushe, na usivute nguzo ya katikati.

Nyingine fupi

"Simu yangu haiingii maji." Simu hupimwa kwa maji yasiyo na chumvi. Chumvi hula tundu la chaji, kwa hiyo isuuze na uiache ikauke kabla ya kuchaji.

"Msimu wa mvua hakuna picha." Ufukweni wakati wa masika siku kadhaa zitapotea, ni kweli, lakini baada ya mvua hewa huoshwa na mawingu huwa na umbo. Hata Dodoma, ukungu wa vumbi na moshi wa Septemba na Oktoba huisha na mvua za kwanza.

"Droni ndogo haihitaji kibali." Inahitaji. Anzia kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kabla ya kufunga begi, na usirushe wala kupiga picha karibu na kambi za jeshi, Ikulu au viwanja vya ndege.

"Wakulima wa mwani ni sehemu ya mandhari." Wale ni akina mama walio kazini. Salimia kwanza, omba ruhusa, na akisema hapana geuza lenzi. Usikanyage kamba za mwani kutafuta pembe nzuri.

"Mazoezi ya picha za maji hufanyika baharini tu"

Bwawa la Hombolo linatosha kujifunza polaraiza na mwanga wa machweo juu ya maji, na walioko Singida wana Ziwa Singidani pale pale mjini. Kipimo cha mchanga mweupe kifanyie mazoezi uani: anika shuka jeupe juani saa 5 asubuhi, lijaze kwenye fremu, piga picha tano kuanzia 0 hadi +1.3 ukiongeza theluthi moja moja, kisha utazame ndani kivulini ni ipi iliyobaki nyeupe huku mikunjo ya kitambaa ikionekana. Namba hiyo iandike kwenye kipande cha karatasi na ukibandike ndani ya begi la kamera.