Herufi moja ya jeni, miaka 74 ya kutafuta tiba

Watu wanaofuatilia habari za selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, hutuuliza sana swali hili: kama chanzo cha ugonjwa kinajulikana mpaka herufi yenyewe iliyokosewa, mbona tiba imechelewa hivyo? Swali ni la haki, na jibu lake ndiyo kazi yetu ya kila siku maabara.

Tuanze na hiyo herufi. Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Imeundwa kwa minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta. Mnyororo wa beta una asidi amino 146 zilizopangwa mfano wa shanga kwenye uzi. Kwa mwenye selimundu, shanga ya sita siyo: mahali pa asidi glutamiki pamekaa valini. Basi. Kwenye jeni, iliyoko katika kromosomu ya 11, ni herufi A iliyogeuka T. Lakini valini hukimbia maji, na himoglobini ikishaachia oksijeni, valini hiyo hujishikiza kwa himoglobini ya jirani, nayo kwa nyingine, mpaka vinajengeka vijiti virefu vinavyoikunja chembe ikawa kama mundu. Chembe iliyotakiwa kuwa laini na kupenya mishipa myembamba inakakamaa na kukwama. Nyama na mifupa iliyo mbele yake hukosa oksijeni, na hapo ndipo yanapotokea yale maumivu ambayo wagonjwa wenyewe hukosa maneno ya kuyaeleza. Tena chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, ilhali hii hupasuka baada ya siku 10 hadi 20, kwa hiyo damu haitoshi kamwe.

Daktari James Herrick wa Chicago aliandika kuhusu chembe hizi zilizopinda mwaka 1910. Sababu haikujulikana hadi 1949, Linus Pauling na wenzake walipopitisha umeme kwenye himoglobini ya wagonjwa na ya watu wazima wa afya wakaona zinasafiri kwa mwendo tofauti. Watu waliorithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu walikuwa na aina zote mbili. Kwa mara ya kwanza ugonjwa wa binadamu ulifuatiliwa hadi kwenye molekuli moja. Miaka saba minane baadaye Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akaionyesha ile shanga yenyewe.

Hapa niseme jambo linalovuruga nyumba nyingi. Mtoto huugua aina hii ya selimundu akirithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama, kwa hiyo kumlaumu mama peke yake hakuna msingi wowote. Na wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, yaani kila mmoja alirithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu, uwezekano wa mtoto kuugua ni asilimia 25 katika kila mimba. Mimba haikumbuki iliyotangulia: kupata mtoto mmoja mgonjwa hakuwapi watatu wanaofuata kinga.

Sasa tiba. Uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, hutengeneza chembe nyekundu zipatazo milioni mbili kwa sekunde, na kila moja hutoka na kosa lilelile. Huwezi kuzirekebisha moja moja. Wengine wakaona heri kuizuia himoglobini isishikane. Dawa ya voxelotor ilifanya hivyo hasa: iliifanya himoglobini ing'ang'anie oksijeni. Kiwango cha himoglobini kwenye vipimo kilipanda, na Marekani ikaiidhinisha mwaka 2019. Septemba 2024 watengenezaji wakaiondoa duniani kote, baada ya takwimu kuashiria kwamba vifo na vipindi vya maumivu vilikuwa vingi kwa waliokuwa wakiitumia. Mimi huwarudia wanafunzi mfano huu bila kuchoka, maana molekuli ilitibiwa na mgonjwa hakupona.

Njia iliyozaa matunda ilianzia kwa watoto wachanga. Mwaka 1948 daktari Janet Watson alitambua kwamba chembe za vichanga wenye ugonjwa huu hazipindi kirahisi. Mtoto aliye tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, isiyo na mnyororo wa beta, na hiyo hubaki naye miezi michache baada ya kuzaliwa. Ikiisha, ugonjwa hujitokeza. Je, ingewezekana kuirudisha? Haidroksiurea, dawa iliyotumika kwanza kwa saratani, huipandisha, na tangu 1998 imeidhinishwa Marekani kwa selimundu. Hupunguza vipindi vya maumivu, ila huweza pia kushusha chembe nyeupe, hivyo anayeitumia lazima apimwe damu mara kwa mara. Usiinunue kwa ushauri wa jirani.

Kisha, mwaka 2008, watafiti wakabaini jeni iitwayo BCL11A ndiyo swichi inayozima himoglobini ya tumboni. Kwa mkasi wa CRISPR, chombo cha kukata jeni mahali palipochaguliwa, uliowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel mwaka 2020, swichi hiyo huharibiwa katika seli shina za damu za mgonjwa mwenyewe, zile zinazozaa chembe zote za damu, kisha anarudishiwa. Angalia: ile herufi iliyokosewa haiguswi kabisa. Tiba hii, Casgevy, iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Katika majaribio, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila maumivu makali. Gharama yake mwilini si ndogo: kabla ya kurudishiwa seli, uboho wa zamani hufutwa kwa tibakemikali kali inayoweza kumwondolea mtu uwezo wa kuzaa. Bei ya Marekani ni dola milioni 2.2.

Kwa wagonjwa wengi, basi, msaada mkubwa bado unatoka mahali pengine. Mwaka 1986 jaribio la kuwapa watoto wadogo wenye selimundu penisilini ya kunywa mara mbili kwa siku lilikatizwa mapema, kwa sababu maambukizi ya bakteria wa nimonia yalikuwa yamepungua kwa asilimia 84 na haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Ili mtoto aanzishiwe mapema lazima ajulikane mapema, na kipimo ni tone la damu la kisigino. Maabara nyingi hulipima kwa kupitisha umeme na kutazama himoglobini inasafiri kwa mwendo gani, kama mwaka 1949.