Begi la bunduki na begi la darubini

Kila Jumamosi natoka nyumbani na mabegi mawili. La kwanza ni gumu, lina kufuli, na ndani yake imelala bunduki ya marisau, ile inayotawanya punje ndogo nyingi kwa mpigo mmoja, mtutu mbali na kitako. La pili limechakaa, lina darubini, daftari na penseli. Wenzangu wa uwanja wa shabaha hunitania kwa lile la pili. Wenzangu wa ndege huniangalia kwa jicho la pembeni kwa lile la kwanza. Mama mmoja tunayezunguka naye bwawa aliniuliza mbele ya watu: "Wewe unawapenda ndege, au unawalenga?" Siku ile nilicheka tu. Leo nijibu.

Kwanza, siwindi. Kazi iliyonileta ugenini, huu sasa mwaka wa tisa, ni kufundisha watu kulenga, na shabaha zangu ni karatasi na visahani. Lakini siwezi kujifanya kwamba mchezo huu haukuanza na damu. Kisahani tunachorusha leo, chenye upana wa milimita 110 na uzito wa gramu 105 hivi, kimechukua nafasi ya njiwa. Njiwa hai alikuwa akifungiwa kwenye kisanduku, kamba inavutwa, anaruka, anapigwa. Ndiyo maana aina mojawapo ya mchezo mpaka leo inaitwa trapu, yaani mtego. Mwaka 1880 Mmarekani George Ligowsky akatoa kisahani cha udongo uliochomwa, na njiwa wakaanza kupumzika. Udongo nao ulishaachwa. Siku hizi ni lami na unga wa chokaa, ila jina la udongo limeng'ang'ania.

Hawakupumzika wote mara moja. Mwaka 1900 jijini Paris, kwenye mashindano yaliyoambatana na Olimpiki, walipigwa njiwa hai, na Mbelgiji Léon de Lunden akashinda kwa kuangusha 21. Mwaka huohuo, tarehe 25 Desemba, kule Marekani kukatokea jambo la kinyume kabisa. Ilikuwepo desturi ya watu kugawana makundi siku ya Krismasi na kupiga kila chenye manyoya. Kundi lenye rundo kubwa ndilo lililoshinda. Frank Chapman, mtaalamu wa ndege, akapendekeza washindane kuwahesabu badala ya kuwaua. Wakajitokeza watu 27. Hesabu hiyo haijakoma mpaka leo, ina maelfu ya washiriki, na takwimu zake ni hazina kwa wanaofuatilia ndege wanaopungua. Mimi nawaona wale 27 kama watu wa ukoo wangu. Baadhi yao, sina shaka, walijua kushika bunduki vizuri sana.

Na jina la Selous wengi mnalijua kwa sababu ya lile pori la akiba la Tanzania. Huyo ni Frederick, mwindaji, aliyeuawa vitani huko Beho Beho mwaka 1917. Wachache wanajua kwamba alikuwa na mdogo wake, Edmund, ambaye aliiweka bunduki chini akawa mmoja wa watu wa mwanzo kukaa kimya masaa mengi wakiandika tu ndege anafanya nini. Tumbo moja, mabegi mawili.

Sasa niingie kwenye ufundi, maana hapo ndipo jibu langu lilipo.

Mwanafunzi mpya akipewa bunduki hukosea palepale wanapokosea wote: anateremsha kichwa kuifuata bunduki. Kisahani kimeshapita, yeye bado anapanga shavu. Namwambia kichwa kikae kilipo, macho yabaki kwenye kisahani, bunduki ndiyo ipande. Kitako kiguse shavu na bega kwa pamoja, na mtutu ujikute unaelekea kule macho yanakotazama. Tunarudia jambo hilo moja mara mia, bunduki tupu, mbele ya ukuta usio na kitu.

Mpe mtu huyohuyo darubini. Anaona jani linatikisika, anainama kuitafuta darubini iliyoning'inia kifuani, anaiinua, na anachokiona ni tawi la mti mwingine. Ndege ameondoka au yupo akimcheka. Dawa ni ileile. Usimwachie ndege kwa macho. Inua darubini mpaka ije yenyewe mbele ya macho yaliyokwisha kumshika. Nimewafundisha watazama ndege jambo hili kwa dakika kumi, na wengine walikuwa wamehangaika miaka. Wala si ujanja wangu. Ni kilekile ninachowafundisha watu wa visahani asubuhi, nakipeleka bwawani jioni.

Kuna la pili: jicho kuu. Kila mtu ana jicho moja ambalo ubongo unaliamini zaidi. Nyosha mikono mbele, kutanisha viganja mpaka kibaki kitundu kidogo, kisha tazama kitu cha mbali kupitia kitundu hicho, macho yote mawili wazi. Funga jicho la kushoto. Kitu kikibaki mahali pake, jicho lako kuu ni la kulia. Kikitoweka, ni la kushoto. Anayeweka bunduki bega la kulia na huku jicho lake kuu ni la kushoto atapita kushoto mwa kila kisahani na kulaumu bunduki. Ama ahamie bega la kushoto, ama abandike kipande kidogo cha utepe kwenye miwani. Upande wa darubini mambo ni mepesi zaidi: kaza kwanza kwa jicho la kushoto kwa gurudumu la katikati, kisha rekebisha la kulia kwa kile kipete cha kioo cha kulia. Watu wengi ninaokutana nao hawajawahi kukigusa kipete hicho, halafu wanasema darubini inawaumiza kichwa.

Wakiniuliza wanunue ipi, nasema 8x42. Nane ni idadi ya mara inazokuza, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8, unapata 5.25: huo ndio upana wa mwanga unaoingia jichoni, na alfajiri na magharibi, saa ambazo ndege wana shughuli, ndio unaokupa rangi badala ya kivuli. Wanaokimbilia 10 au 12 wanasahau kwamba mkono unaotetemeka nao unakuzwa mara 10 au 12.

Kutetemeka kuna somo lake. Kwenye shindano la bunduki ya upepo, shabaha ikiwa umbali wa meta 10, kitovu cha alama 10 ni nukta ya nusu milimita. Hapo pigo moja la moyo linatosha kukutoa nje. Wanaofika juu hujifunza kufyatua katikati ya mapigo, na ndiyo sababu dawa za betabloka, zinazotuliza mapigo ya moyo na ambazo mgonjwa wa moyo anapewa bila maswali, ni marufuku kwa mlenga shabaha. Sisi wengine tunabaki na pumzi: vuta, toa nusu, tulia, usizidi sekunde chache maana macho yakikosa hewa huanza kufifia. Hivyohivyo ndivyo ninavyomshika ndege mdogo kileleni mwa mti. Toa nusu, tulia, hesabu mistari ya bawa.

Na ndege wamenifundisha nini? Kutazama mbele ya kitu. Chukua kisahani kinachokatiza mbele yako kwa meta 20 kwa sekunde, umbali wa meta 20. Marisau yakienda kwa wastani wa meta 350 kwa sekunde, yatafika baada ya kama sehemu 6 za mia za sekunde. Ndani ya kufumba huko na kufumbua, kisahani kimesogea zaidi ya meta moja. Ukilenga pale kilipo, unapiga pale kilipokuwa. Nilikuwa nikieleza hesabu hii ubaoni na watu wanaitikia kwa adabu, kisha wanakwenda kupiga hewa. Siku hizi nawatoa nje tuangalie ndege. Kozi anapomwendea njiwa hamfuati mkia, humkatia njia. Mtu akishaona hilo kwa macho yake mara tatu nne, mikono yake inaanza kufanya hesabu bila kuniuliza.

Sasa onyo, na hapa sina mzaha. Kuna watu wana bunduki yenye darubini juu yake na wanaitumia kutazamia ndege. Kamwe! Unachokiona kupitia kioo kile ndicho mtutu unachokielekea, na nyuma ya ndege anaweza kuwepo mtu anayeokota kuni. Ndiyo maana ya mabegi mawili. Nikiwa na la kwanza, la pili liko garini. Nikienda bwawani, bunduki imefungiwa nyumbani. Kiswahili kinatuchezea kidogo, kinasema kupiga bunduki na kupiga picha kwa kitenzi kimoja, lakini mkono usichanganye.

Kiswahili kinatuchezea tena kwenye neno risasi. Madini ni risasi, na kinachotoka mtutuni ni risasi, na kwa miaka mingi vilikuwa kitu kimoja kweli. Shida iko kwa bata. Bata humeza changarawe ili firigisi ipate kusaga chakula, na chini ya maji punje ya marisau na changarawe havitofautiani. Ikiingia firigisini inasagwa taratibu, sumu inaingia kwenye damu, ndege anakonda, mabawa yanalegea, anakufa pembezoni mwa majani ambako hakuna anayemwona. Tai akimla, naye anapata fungu lake. Marekani ilikataza marisau ya risasi kwa uwindaji wa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991, Denmark ikayafuta mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ukayazuia kwenye maeneo oevu kuanzia Februari 2023. Kwa hiyo tunatumia risasi isiyo ya risasi. Ya chuma ni nyepesi, gramu 7.8 hivi kwa sentimeta moja ya ujazo dhidi ya 11.3 za madini ya risasi, kwa hiyo inapoteza mwendo haraka na inakulazimu uchague punje kubwa zaidi. Wazee wa uwanjani wananung'unika kwamba haipigi vizuri. Inapiga. Wao ndio walizoea ile nyingine. Ila wana haki kwa jambo moja: bunduki kuukuu yenye mtutu mwembamba isipewe punje za chuma kabla fundi hajaikagua.

Kwa mgeni mwenzangu anayetaka kuanza, leseni ya kwenu haivuki mpaka nawe. Anza kwenye uwanja wenye mkufunzi na bunduki za kuazima, soma sheria za nchi uliyomo kabla hujanunua hata risasi moja, na usikubali rafiki akubebeshe silaha yake "mara moja tu". Na usidhani darubini haina sheria. Mgeni aliyesimama karibu na kambi ya jeshi akielekeza vioo huko, hata kama kweli kuna bundi pale, anajitafutia jioni ndefu ya maswali. Mimi nimeshaipata hiyo jioni. Daftari langu la ndege ndilo lililoniokoa. Afisa alisoma kurasa nne za majina na namba, akachoka.

Watu huuliza pia kama siwakumbuki nyumbani. Nawakumbuka, na ndege hawanisaidii kusahau. Mwezi Mei mwaka 1822, karibu na Klütz huko Ujerumani, alipigwa korongo mweupe ambaye tayari alikuwa na mkuki shingoni, wa urefu wa kama sentimeta 80, wa kutoka Afrika. Wakati ule wapo wasomi walioamini kwamba ndege wa kiangazi hulala chini ya maji majira ya baridi, au hugeuka ndege wengine. Mkuki ule ukawa ushahidi usiobishika kwamba wanasafiri. Korongo mwenyewe bado yupo, amekaushwa, katika Chuo Kikuu cha Rostock. Nikimfikiria, simfikirii kama mtazama ndege wala kama mlenga shabaha. Alinusurika mkuki wa upande mmoja, akavuka jangwa na bahari akiwa nao mwilini, akafia kwenye bunduki ya upande wa pili.

Uwanja wetu una skiti, mchezo wa nyumba mbili zinazorusha visahani vikikatizana, moja ya juu na moja ya chini, nawe unapita vituo 8 ukipiga visahani 25. Ulibuniwa Andover, Massachusetts, miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, ukiwa duara kamili, mpaka jirani alipofungua banda la kuku na nusu ya duara ikabidi ifutwe. Kuku ndio waliotuchorea uwanja.

Mwaka huu imekuwa zamu ya mbayuwayu. Wamejenga ndani ya nyumba ya juu, kwenye boriti, kiota cha matope, dhiraa moja tu kutoka kwenye mashine. Tuliitisha kikao. Nilitegemea ugomvi, lakini mzee mmoja, yuleyule anayenung'unikia marisau ya chuma, ndiye aliyesema mashine izimwe mpaka makinda yaruke. Sasa tunapiga trapu tu, na wakati wa mapumziko wanaume wazima wamesimama mlangoni wakinong'ona. Makinda ni matano. Mzee ameniomba nimwonyeshe kile kipete cha kioo cha kulia.

Mwezi wa tisa mbayuwayu watajipanga kwenye waya, kisha asubuhi moja hawatakuwepo, wameelekea upande nilikotoka. Mkataba wangu mimi una miaka miwili zaidi.