Je, wajua? Mwaka 500 wa Kizimkazi si 1122

Ndani ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, kuna maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa herufi za Kiarabu, yaliyochongwa kwenye mawe ya matumbawe, pale penye mihrabu. Yanataja Dhulkaadi, mwezi ambao pwani tunauita Mfungo Pili, mwaka 500 Hijria. Vitabu vinasema huo ni 1107 Miladia.

Mara ya kwanza niliona vitabu ndivyo vilivyokosea. Hijra, Mtume alipohamia Madina, ilikuwa 622, na 500 ukijumlisha 622 ni 1122. Hesabu ya darasa la tatu! Nilitembea na 1122 yangu miaka kadhaa, na kuna watu wawili watatu niliowasahihisha kwa kujiamini kabisa.

Hiyo 622 haina kosa. Kilichoniponza ni neno "mwaka". Mwaka wa Hijria ni miezi kumi na miwili ya kuandama, siku 354 au 355, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Ajabu ni kwamba hili kila mtu analijua: Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, leo kiangazi, kesho masika. Tunalijua kwenye futari, tunalisahau kwenye tarehe.

Chukua wauza nguo wawili wa zamani wanaopima kwa dhiraa, kiwiko hadi ncha ya kidole. Mmoja ana mkono mrefu, mwenzake mfupi. Wakipima jora lilelile, wa kwanza anahesabu 32, wa pili 33, na hakuna aliyeiba. Miaka ya jua na ya mwezi ni hivyo hivyo: 32 ya jua ni kama 33 ya mwezi. Ile 622 inaonyesha tu ncha ya kitambaa tulipoanzia kupima. Mimi nilikuwa nachukua dhiraa 500 fupi na kuzihesabu kama ndefu. Zidisha 500 kwa 32, gawanya kwa 33, unapata karibu 485. Sasa ndiyo ujumlishe 622: 1107.

Msikiti huohuo una mwandiko mwingine wa 1184 Hijria, wa ukarabati. Kwa hesabu yangu ya zamani ungekuwa 1806, wakati ni 1770. Kosa la miaka 15 limeshakuwa 36. (Ukarabati huo pia unatuonya: 1107 ni umri wa maandishi, si wa kila ukuta uliosimama leo.)

Kanuni ya 32 kwa 33 ni ya kukadiria tu. Mwaka 500 ulianza Septemba 1106, kwa hiyo mchongaji asingetaja mwezi tungelazimika kuandika 1106/1107. Mfungo Pili ni mwezi wa kumi na moja, ndiyo maana tunatua katikati ya 1107. Siku yenyewe inaweza kupishana kwa moja, kutegemea nani aliuona mwezi, na ugomvi huo hatuhitaji kuelezwa.

Pengo kati ya kalenda hizi linazidi kupungua. Mwaka 1447 ulipoingia, Juni 2025, tofauti ilikuwa imebaki 578. Taratibu zikibaki kama zilivyo, namba mbili hizo zitakutana mwaka 20874, na mwaka huo hapatakuwa na cha kujumlisha.