Je, wajua kwa nini mgeni wa gorila hupewa saa moja tu?

Umepanda mlima tangu asubuhi. Upupu umekuwasha, matope yamefika magotini, na sasa mbele yako dume mwenye mgongo wa fedha amekaa chini anatafuna majani bila haraka. Mtoto wake ndiyo kwanza ameamka na kuanza kucheza. Hapo mwongozaji anatazama saa yake, anasema kwa sauti ya chini: muda umekwisha, tuondoke. Hakuna kubembeleza, hata kama uko Rwanda na umelipa dola 1,500 za Marekani.

Kwa nini saa moja, wala si mbili? Wengi hudhani ni ujanja wa biashara: zamu fupi ili wageni wengi wapite. Sivyo. Kila familia ya gorila waliozoeshwa watu kwa ajili ya utalii hupokea kundi moja tu la wageni kwa siku, watu wasiozidi wanane, na hao wakishateremka mlima, basi mpaka kesho. Mfanyabiashara wa kweli angepanga zamu nne. Sababu yenyewe iko puani mwako.

Kwanza neno moja kuhusu jina. Magazeti yetu humwita mnyama huyu sokwe, jina lile lile tunalompa yule wa Gombe. Wanyarwanda wana neno lao, ingagi, na hawachanganyi. Hapa nitasema gorila, tena namzungumzia yule wa milimani peke yake, anayeishi katika vipande viwili tu vya msitu duniani: safu ya volkano za Virunga, pale Rwanda, Uganda na Kongo zinapokutana, na msitu wa Bwindi kusini magharibi mwa Uganda.

Gorila na binadamu wanafanana vinasaba kwa takriban asilimia 98. Undugu huo ndio unaomfanya mgeni alie machozi akitazamwa usoni na mama anayenyonyesha, na ndio unaofungua mlango kwa magonjwa. Mafua ambayo kwako ni siku tatu za kupiga chafya yanaweza kuwa kifo kwa mnyama ambaye mwili wake haujawahi kukutana nayo. Mwaka 2009, nchini Rwanda, familia iitwayo Hirwa iliugua karibu yote: gorila 11 kati ya 12 walikohoa na kutokwa makamasi, na wawili wakafa, jike mmoja na mtoto mchanga. Wataalamu walipochunguza mizoga walikuta virusi vya binadamu vya njia ya hewa, vilivyofanana sana na vile vilivyowahi kuonekana kwa watu wa Afrika Kusini. Tazama umbali huo, halafu fikiria ni nani anayesafiri hivyo: gorila au sisi?

Si pumzi peke yake. Mwaka 1996 gorila wa Bwindi walianza kunyonyoka manyoya na kujikuna hadi vidonda. Daktari wa wanyama Gladys Kalema-Zikusoka, Mganda, ndiyo kwanza alikuwa ameanza kazi kama daktari wa wanyamapori wa hifadhi za nchi yake, akagundua ni upele. Mtoto mmoja wa gorila alikufa, wengine wakapona kwa dawa. Chanzo kilichodhaniwa ni nguo chafu zilizovishwa masanamu ya kutishia wanyama mashambani, kandokando ya msitu. Funzo alilolipata daktari huyo ni kwamba huwezi kumtibu gorila ukamwacha jirani yake mkulima bila sabuni wala zahanati. Mwaka 2003 akaanzisha shirika linalohudumia afya ya watu na ya wanyama kwa pamoja.

Lakini mbona tuwe na wasiwasi wote huu kwa vifo viwili vitatu? Kwa sababu gorila jike huzaa mtoto mmoja kwa takriban kila miaka minne, na ukoo mzima ni mdogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 gorila wa Virunga walikuwa kama 250. Hesabu zilizotangazwa 2018 na 2019 zilikuta 604 Virunga na 459 Bwindi, jumla 1,063. Hiyo ndiyo akiba yote, maana hakuna gorila wa milimani hata mmoja katika bustani ya wanyama popote duniani. Hata hivyo idadi imepanda, na Novemba 2018 wakashushwa daraja moja katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Ni habari njema isiyo ya kawaida katika orodha ile.

Kwa hiyo saa moja ni kipimo, kama daktari anavyopima dozi. Watu wanane, dakika 60, umbali wa mita kadhaa, hakuna aliye chini ya miaka 15 kwa kuwa watoto ndio mabingwa wa mafua, na ukiamka unakohoa unatakiwa kusema mwenyewe na kubaki. Hata haja kubwa ina sheria yake: ukibanwa msituni, askari anachimba shimo la sentimita 30 na unafukia. Wageni hulicheka hilo kwenye maelezo ya asubuhi, mpaka wakumbuke habari ya upele.

Kiungo dhaifu ni mita. Watafiti wa chuo kikuu cha Oxford Brookes walikusanya picha ambazo watalii wenyewe walizipachika kwenye Instagram, wakapima umbali, na katika matokeo yaliyochapishwa 2021 sehemu kubwa mno ya picha ilionyesha watu walio karibu na gorila kuliko inavyoruhusiwa. Gorila naye hajasoma kanuni. Mtoto mtundu humfuata mgeni. Lakini kuna mgeni anayesogea ili picha ipendeze, na kuna askari anayefumba jicho akifikiria bahashishi. Simlaumu sana askari, kwani mshahara wake ni mdogo na mgeni ana dola mfukoni. Namlaumu aliyenyoosha simu.

Sasa tuje kwenye bei, kwa maana saa moja na dola 1,500 ni swali moja lenye pande mbili. Miaka ya 1960 kipande kikubwa cha hifadhi ya Virunga upande wa Rwanda kilikatwa ili kulima pareto. Ilipofika 1979 ulikuwepo mpango wa kumega tena eneo kwa ajili ya ng'ombe. Watafiti Bill Weber na Amy Vedder wakapendekeza kitu ambacho baadhi ya wahifadhi wenzao walikichukia: leteni wageni wachache, walipe, msitu ujitetee kwa fedha. Tatizo likawa lile lile la puani. Kama afya ya gorila hairuhusu wageni wengi, basi fedha lazima itoke kwa wachache, nao walipe sana. Mei 2017 Rwanda ilipandisha kibali kutoka dola 750 hadi 1,500. Uganda inatoza mgeni kutoka nje ya Afrika dola 800 tangu Julai 2024. Raia wa Afrika Mashariki hulipa sehemu ndogo tu ya bei hizo, na nashangaa tunavyoitumia nafasi hiyo kwa nadra.

Fedha ikishalipwa inakwenda wapi? Hapo ndipo msafiri anayejiona mwema anapaswa kuuliza, kuliko kuuliza kama hoteli imeacha chupa za plastiki. Rwanda ilianza kugawa asilimia 5 ya mapato ya hifadhi kwa vijiji jirani mwaka 2005, ikaongeza hadi 10 pale ilipopandisha bei. Zimejengwa shule, zahanati na matangi ya maji. Uganda hutenga asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi, ila kutoka kwenye kibali chenyewe cha gorila vijiji vimekuwa vikipata dola 10. Kwa mkulima ambaye gorila wametoka msituni wakamvunjia migomba, dola 10 kati ya mamia ni dharau kidogo. Ndiyo maana ninathamini zaidi fedha isiyopita ofisini: mpagazi wa kijijini anayekubebea mkoba na kukuvuta mkono kwenye utelezi, au kahawa inayonunuliwa kwa bei nzuri kutoka kwa wakulima wa kando ya Bwindi. Kuna pia vijana wa kujitolea pale Bwindi ambao kazi yao ni kuwarudisha gorila msituni taratibu wanapoingia mashambani, bila mkuki wala mbwa.

Na kuna waliolipa kuliko wote bila kuombwa. Batwa waliishi katika misitu hiyo kwa uwindaji, asali na dawa za miti. Bwindi na Mgahinga, ile sehemu ya Virunga iliyo Uganda, zilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, waliondolewa, wengi bila ardhi wala fidia. Agosti 2021 Mahakama ya Kikatiba ya Uganda ilikubali kwamba wametendewa isivyostahili. Leo Mgahinga ina njia ambapo wazee wa Kibatwa wanawaongoza wageni msituni, wanawasha moto kwa vijiti, wanaeleza mti upi unatibu nini. Ni jambo zuri pale fedha inapowafikia wao wenyewe. Ni tofauti kabisa na kupangwa mstari nje ya hoteli kucheza ngoma ya dakika kumi huku mwenye hoteli akishika malipo. Mgeni anaweza kuuliza swali hilo waziwazi kabla ya kulipa, na jibu la kusitasita ni jibu pia.

Mfumo huu una ufa wake: unategemea ndege ziendelee kutua. Machi 2020 korona ilipofunga utalii, wapagazi na wauza vinyago walibaki bila shilingi. Mwanzoni mwa Juni, Rafiki, dume aliyeongoza familia ya Nkuringo pale Bwindi, alikutwa amekufa kwa jeraha la mkuki. Mtu aliyekamatwa alisema alikuwa akiwinda wanyama wadogo, akajitetea gorila alipomjia. Alihukumiwa kifungo cha miaka 11.

Septemba mwaka huo huo njia za Bwindi zilifunguliwa tena. Umbali ulikuwa umeongezwa kutoka mita 7 hadi 10, na barakoa imekuwa lazima. Saa ilibaki ile ile moja.