Kwa nini binti anayeambiwa "umenawiri" aingie chumbani kulia?

Kwetu Dodoma, binti akirudi kutoka bwenini kanenepa, bibi hufurahi. Akikonda ndipo huulizwa kama alikuwa anaumwa. Likizo ya Desemba, nyumbani kwa mama, mtaa wa Nkuhungu, mpwa wangu wa kidato cha tatu alipokewa kwa "mjukuu wangu, umenawiri!" Akaingia chumbani kulia. Yeye alisikia kwamba amekuwa bonge.

Sifa inageukaje kuwa tusi? Kule visiwa vya Fiji, katika Pasifiki, nako unene ulikuwa sifa, na kukonda kulitia watu wasiwasi. Mwaka 1995 televisheni ilifika wilaya ya Nadroga. Anne Becker, mtafiti wa Harvard, aliwahoji wanafunzi wa kike mwaka huohuo, kisha akahoji wengine wa rika lilelile mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Mara ya pili walikuwa asilimia 11.3, na asilimia 74 walisema huwa wanajiona wanene mno. Miaka mitatu tu!

Na wale wa Fiji waliwatazama waigizaji wa mbali. Mwanasaikolojia Leon Festinger aliandika mwaka 1954 kwamba mtu hupenda kujipima na anayefanana naye, na simu imemletea binti mtu wa aina hiyo hasa: mwenzake wa darasani. Mpwa wangu alinionyesha picha ya rafiki yake, kiuno namba nane. Nikaikuza kwa vidole viwili. Fremu ya mlango nyuma ya yule binti ilikuwa imepinda kuingia ndani, palepale usawa wa kiuno. Programu ya kurekebisha picha ilipobana kiuno ilibana na mlango. Mpwa wangu alikuwa ameirudia picha ile siku nzima, mlango hakuuona.

Picha zake mwenyewe nazo zilimdanganya, ila kwa upande wa pili. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2018 kwamba selfi ya sentimita 30 hivi huifanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 kuliko picha ya mita moja na nusu, kwa kuwa pua ndiyo iliyo karibu zaidi na lenzi. Alikuwa anachukua sura iliyotanuliwa na kuipima kwa mwili uliobanwa. Iliniuma sana kulijua hilo.

Tukaegesha simu juu ya ndoo, akarudi nyuma hatua mbili, tukapiga upya. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Mjomba," akasema, "kumbe nina pua ya bibi."