Usiichome Lehemu, Choma Pete

“Fundi, tochi hii haina nguvu. Lehemu inajiviringa tu, haishiki.” Wiki hii nimeletewa malalamiko hayo mara tatu na watu wanaounga pete za fedha kwa tochi ndogo ya gesi ya butani, na mara zote tatu tochi ilikuwa nzima.

Dhana inayonichosha kuliko zote ni hiyo ya kwamba moto uelekezwe kwenye lehemu, yaani ile metali ya kuunganishia. Hapana. Kinachotakiwa kupata moto ni pete, kisha pete ndiyo iyeyushe lehemu. Kipande cha lehemu ni kidogo mno. Ukikipuliza mwali kitayeyuka kwa sekunde chache huku pete ikiwa bado baridi, na kwa kuwa hakina pa kutiririkia, kinajikusanya kuwa tone. Ukizidi kukichoma unafanya vibaya zaidi, maana lehemu nyingi za fedha zina zinki, na zinki huvukiza. Lehemu iliyopoteza zinki inadai joto kubwa kuliko ulipoanza. Hapo ndipo mtu anaipa lawama tochi, anatafuta kubwa zaidi, na safari hii anayeyusha pete yenyewe.

Fedha ya 925 (yenye sehemu 925 za fedha halisi katika kila 1,000) huanza kuyeyuka karibu nyuzi 800 za Selsiasi, na lehemu ngumu, yaani ile inayohitaji joto la juu, hutiririka kwenye 750 na ushei. Mwali wa butani hupita nyuzi 1,000, kwa hiyo kwa pete au hereni tochi ndogo inatosha kabisa. (Bangili nene ni habari nyingine, hapo kweli utahitaji kubwa.) Shida ni kwamba hakuna metali inayosafirisha joto kuishinda fedha. Ukichoma sehemu moja, joto linakimbilia pete nzima, na pia linakimbilia bamba la chuma ulikoiweka. Iweke juu ya kipande cha mkaa usiowaka au tofali la kustahimili moto, na usiing’ang’anie kwa kibano kinene karibu na kiungo.

Paka boraksi, dawa inayosaidia lehemu kutiririka, kisha anza mbali na kiungo ukizungusha mwali bila kusimama. Boraksi itachemka, itavimba ikiwa nyeupe, halafu itatulia na kung’aa kama kioo. Hiyo ndiyo ishara kuwa umekaribia. Sasa sogeza mwali kwenye kiungo, pande zote mbili sawasawa. Upande ulio mnene upe muda zaidi, kwa sababu lehemu hulifuata joto, na upande uliotangulia kuiva utainyakua yote. Ukiona mstari unaong’aa umepita kwenye kiungo, ondoa moto papo hapo. Mimi hupunguza taa ya chumba ili nione rangi ya metali, na nawasihi wanafunzi wangu wote wafanye hivyo.

Kabla ya yote hayo, inua pete uitazame dhidi ya mwanga. Ukiona mwanga unapenya kwenye kiungo, rudi kwenye tupa. Lehemu hupenya kwenye mwanya mwembamba kabisa, haizibi pengo.

Wengine husema mwali mrefu ndio mkali. Mwali mrefu wa njano umekosa hewa. Penye joto kali kuliko pote ni mbele kidogo ya ncha ya ile koni ya ndani ya buluu. Koni ikigusa pete, umesogea mno, kwani ndani yake kuna gesi ambayo haijaungua.

“Tochi haijai gesi, valvu imekufa.” Mara nyingi ni hewa na mgandamizo uliobaki ndani. Zima tochi, iache ipoe, bonyeza valvu kwa bisibisi ndogo mpaka iache kufoka, kisha igeuze juu chini na uijaze kwa mkebe wa gesi, nao mkebe ukiwa umeelekezwa chini. Subiri dakika chache kabla ya kuwasha, maana gesi iliyoingia ni baridi na mwali utarukaruka.

Mdomo wa tochi ukiziba, usiutoboe kwa sindano. Tundu likipanuka hata kidogo, mchanganyiko wa gesi na hewa umeharibika moja kwa moja. Tochi ikiwa imepoa, puliza uchafu kwa hewa ya mgandamizo.

Na wapo wanaotafuta uvujaji kwa kiberiti! Tumia povu la sabuni, utazame mapovu yanapochipukia. Butani ni nzito kama mara mbili ya hewa, inatuama chini ya meza miguuni pako, ndiyo maana mkebe wangu wa kujazia haukai kabisa kwenye chumba ninamolehemu.